Bosi Mwingereza na saa zake: nimeaibika mara tatu, naombeni ushauri

BintiMutukula:

Wakubwa shikamooni, wenzangu hamjambo.

Mimi ni mzaliwa wa Mutukula upande wa Uganda, ila nimesomea ng'ambo ya mpaka, Bukoba, kwa shangazi. Kiswahili ndicho nilichokulia. Kiingereza changu ni cha darasani, cha kujibu mtihani. Miezi miwili iliyopita nimepata kazi Kampala, ofisi ndogo tu ya watu kumi, bosi ni Mwingereza. Kazi yangu ni ratiba: mikutano, tiketi, kupokea wageni. Yaani kazi yangu ni wakati wenyewe, na wakati ndio unaoniumbua.

La kwanza. Bosi aliniandikia kwamba mkutano wa Alhamisi na wateja umekuwa "brought forward by two days". Kwetu kusogeza mbele ni kuahirisha. Kesi ikisogezwa mbele, mshtakiwa anarudi mahabusu kusubiri. Nikawapigia wateja wote: jamani, ni Jumamosi sasa. Jumanne asubuhi namkuta bosi chumba cha mkutano peke yake, viti sita vimepangwa, sahani ya biskuti katikati, anaangalia mlango.

La pili. Mgeni anatua Entebbe. Bosi akasema "half ten". Nikasikia "ten", nikasikia nusu, kichwani ikaingia saa kumi na nusu. Nikamtuma dereva jioni. Mgeni alikuwa ametua saa nne na nusu asubuhi. Amekaa na begi lake kwa muda wa saa sita nzima.

La tatu ndilo linalonikosesha usingizi. Nilimtumia ripoti siku yenyewe ya mwisho. Akajibu kwamba kila kitu ninamletea "at the eleventh hour". Mimi kwa kujitetea nikamjibu kwa adabu: hapana sir, nimeituma saa kumi, siyo saa kumi na moja, na kompyuta ni shahidi. Hakujibu. Baadaye nikasikia anacheka kwenye simu.

Mwezi ujao kipindi changu cha majaribio kinakwisha. Naombeni ushauri: nikariri misemo yao yote, au nimwambie wazi kwamba sielewi? Nikimwambia, si ataona ameajiri mjinga? Pia mnisaidie maana ya hizi, nimeziandika kwenye daftari kadiri anavyozisema: "once in a blue moon", "in the nick of time", "donkey's years", "high time", na "at the end of the day". Hii ya mwisho aliniambia kuhusu kuchagua hoteli ya wageni, kwamba "at the end of the day" uamuzi ni wangu. Nikasubiri hadi jioni ndipo nikaamua.

Boda_wa_Ntinda:

Pole dada. Lakini nimecheka hadi abiria ameniuliza kama niko salama. Swali dogo tu: zile biskuti nani alizila?

MwalimuMstaafu_Tororo:

Binti yangu, marahaba. Nimefundisha Kiingereza miaka thelathini na moja, na hilo kosa lako la kwanza nimeliona kwa wanafunzi, kwa walimu, hata kwa wakaguzi. Si ujinga. Kiswahili chako kimekupeleka mahali sahihi katika lugha isiyo sahihi.

Sisi tunausema wakati kama barabara tunayotembea. Mbele ni huko tuendako, kwa hiyo jambo likisogezwa mbele limetuacha mbali zaidi. Katika "bring forward" ya Mwingereza, yeye amesimama na tukio ndilo linalomjia. Likipiga hatua mbele, limemkaribia. Ndiyo maana maana yake ni kuwahisha. Alhamisi ikawa Jumanne. Kinyume chake ni "put back" au "push back", na hapo ndipo penye kuahirisha.

Usidhani wenyewe hawapotei. Huko Marekani watafiti waliwauliza wazungumzaji wa Kiingereza swali moja: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward" siku mbili, sasa utakuwa lini? Kuna waliojibu Jumatatu, na kuna waliojibu Ijumaa. Walipokwenda kuwauliza abiria waliotoka kushuka kwenye ndege, wengi walielekea Ijumaa, kwa sababu mtu aliyetoka safarini bado anajiona yeye ndiye anayekwenda mbele. Basi kanuni yangu ni hii: "bring forward" ni mapema, "put back" ni baadaye, na ukisikia "move" tu, uliza siku.

Halafu kuna mtego ndani ya mtego. "Put back" kwa mkutano ni kuchelewesha, lakini "put the clock back" ni kurudisha mshale nyuma, saa tano iwe saa nne. Hili nalo niliwahi kulieleza darasani nikajichanganya mwenyewe ubaoni.

Mama_Kikuubo:

Mimi naajiriwa na Mhindi hapa Kikuubo, duka la jumla. Yeye ana neno lake, "prepone". Kama "postpone" ni kuahirisha, "prepone" ni kuleta mapema. Halina utata hata kidogo. Wahindi wanalitumia kila siku, wenye lugha wenyewe ni nadra kulitumia. Jaribu kumwandikia bosi wako uone uso wake.

Ssali256:

Hivi kweli kuna mtu Kampala hii ya leo hajui "half ten"? Simu unayo, intaneti unayo, tafuta. Sisi Waganda hatuna tatizo hilo. Nikisema Kiingereza nasema "ten", nikigeukia Luganda nasema ssaawa nnya, ni saa ileile na sijapotea hata siku moja.

BintiMutukula:

Ssebo, wewe umelelewa na saa mbili mkononi, ndiyo maana hupotei. Mimi nimelelewa na moja. Na simu haina msaada mtu akikusemea mlangoni huku anavaa koti.

KatekistaKasese:

Dada yangu, tulia nikuambie jambo la kukufurahisha. Katika lile la "eleventh hour", uliyeielewa saa ni wewe, kuliko bosi wako.

Fungua Mathayo 20. Mwenye shamba la mizabibu anatoka alfajiri kuajiri vibarua, anatoka tena saa tatu, saa sita, saa tisa. Mwishowe anatoka saa kumi na moja, anakuta watu wamesimama bure, anawaingiza shambani. Jua likizama wanalipwa dinari moja kila mtu, sawa na waliochomwa na jua kutwa nzima. Msemo wa Kiingereza unahusishwa na mfano huo: saa kumi na moja ni saa ya mwisho kabla siku ya kazi haijafungwa.

Sasa nani anahesabu hivyo leo? Siyo Mwingereza. Kwake saa kumi na moja ni kabla ya chakula cha mchana au karibu na usiku wa manane, ndiyo maana anausema msemo bila kuona picha yoyote. Watu wa Biblia walihesabu saa kumi na mbili za mchana kuanzia jua linapochomoza, kama sisi. Hapa Kasese tuko jirani kabisa na mstari wa ikweta, mchana na usiku ni karibu sawa mwaka mzima, basi hesabu hiyo haijawahi kutuharibikia. Nikisoma kanisani kwamba vibarua waliitwa saa kumi na moja, kila bibi kizee anajua limebaki jua la kufungia mbuzi tu. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya zamani huhitaji maelezo pembeni.

Kwa hiyo ripoti yako uliyotuma saa kumi jioni, kwa hesabu ya Injili ulikuwa na saa nzima mkononi. Kwa hesabu ya bosi, alimaanisha unasubiri dakika za lala salama. Alikuwa analalamika, dada. Kujibu saa halisi ndiko kulikomchekesha.

Ssali256:

Sikuwahi kuwaza hivyo. Kumbe hata Luganda ni hivyo hivyo, ssaawa kkumi n'emu ni jioni. Hapo nimeshika mkia.

AfandeMstaafu:

Habari zenu. Jeshini tuliokoka na matatizo haya kwa njia moja: saa 24. Mtu hasemi asubuhi wala jioni wala nusu ya kitu. 1030 ni 1030, 1630 ni 1630. Kiswahili tulikitumia kwa amri zote, lakini saa za operesheni ziliandikwa kwa tarakimu, kwa sababu tofauti ya saa sita inaua watu.

Na mkitaka kujua lugha ya wakati inatoka wapi, angalieni neno "deadline" mnaloliimba maofisini. Kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, katika kambi ya wafungwa ya Andersonville mwaka 1864, kulikuwa na mstari ndani ya ua. Mfungwa akiuvuka, askari wa mnarani anampiga risasi. Huo ndio ulioitwa hivyo. Baadaye sana magazeti yakalichukua kwa maana ya saa ya mwisho ya kupeleka habari. Kwa hiyo binti, ukichelewesha ripoti ukachekwa tu, shukuru.

UstadhArua:

Assalaam alaykum. Hiyo "once in a blue moon" niachieni mimi, mambo ya mwezi ndiyo yetu.

Maana yake ni jambo la nadra mno. Bosi akisema anakwenda kanisani "once in a blue moon", elewa kwamba haendi. Lakini mwezi wenyewe si wa buluu. Leo watu wengi huuita hivyo mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, jambo linalotokea kila baada ya miaka miwili na nusu hivi au zaidi kidogo. Kwa mfano Agosti 2023 tulipata mpevu mwanzoni na mwingine usiku wa kuamkia tarehe 31. Cha ajabu ni kwamba maana hiyo ilitokana na kosa. Katika kalenda za wakulima wa jimbo la Maine, Marekani, jina lilikuwa la mpevu wa tatu katika msimu wenye mipevu minne. Mwaka 1946 mwandishi wa gazeti la elimu ya nyota alizisoma vibaya, na kosa likashinda usahihi.

Kuonekana kwa rangi ya buluu kweli kumewahi kutokea. Mlima Krakatoa ulipolipuka mwaka 1883 huko visiwa vya Indonesia, vumbi la angani liliwafanya watu wauone mwezi una rangi hiyo.

Na sisi tunaofuata mwezi mwandamo, kwa ile maana ya mipevu miwili ndani ya mwezi mmoja, jambo hilo halitokei kabisa. Mwezi wetu unaanza hilali ikionekana, mpevu unakuja katikati, basi. Kwa hiyo mtu akiniahidi kitu "once in a blue moon", kwa kalenda yangu ameniambia kamwe.

MwalimuMstaafu_Tororo:

Ahsante Ustadh, hilo nalichukua. Nimalizie daftari la binti.

"In the nick of time": chupuchupu. Umefika teksi inaondoka, ukadandia. "Nick" ni pengo dogo linalokatwa kwenye kijiti, na tangu kale neno hilo lilibeba maana ya nukta yenyewe hasa. Usiichanganye na "eleventh hour". Ya kwanza ni ya kushukuru, umeokoka. Ya pili ina harufu ya lawama.

"Donkey's years": miaka nenda miaka rudi. Ni mchezo wa masikio. "Years" na "ears" zinakaribiana kwa matamshi, na masikio ya punda ni marefu. Hakuna hekima zaidi ya hiyo.

"High time": muda umefika na umepita kidogo. Hapa kuna sarufi ya kukutega. Kinachofuata huwa katika wakati uliopita ingawa kinazungumzia sasa: "It's high time we left". Hajasema mliondoka, amesema simameni twende. Wanafunzi wangu walikuwa wakisahihisha sentensi hiyo kwenye kitabu kwa kalamu nyekundu, wakiamini mchapishaji amekosea.

"At the end of the day" ni hatimaye, ukipima yote. Hakuna jioni ndani yake. Lakini "by the end of the day" au "end of play" ina jioni, na ripoti inatakiwa. Herufi mbili zinatenganisha falsafa na kazi.

DadaBusia:

Mwalimu, hapo umenigusa. Hii "mwisho wa siku" imeshaingia kwenye Kiswahili chetu na mimi siipendi. Redioni kila mtangazaji: mwisho wa siku timu imefungwa, mwisho wa siku mwananchi ndiye anayeumia. Mechi ilichezwa saa tisa mchana! Hatimaye imekwenda wapi?

Boda_wa_Ntinda:

Hatimaye imepotea kwenye jamu ya Wandegeya.

Mjinja_Leicester:

Salaam kutoka Leicester. Mimi ni wa Jinja, niko huku mwaka wa kumi na nne, na niseme kuhusu hofu yako ya kumwambia bosi.

Mwambie. Waingereza wenyewe wanajua lugha yao ina miiba. "Half ten" wanasema tangu utotoni, hawajui kwamba Mjerumani akisema nusu ya kumi kwa lugha yake anamaanisha saa tatu na nusu asubuhi. Mfanyakazi mwenzangu Mjerumani alikuja kazini saa nzima mapema wiki yake ya kwanza, akakaa nje kwenye baridi. Hakuna aliyemwona mjinga. Wewe umekosea kwa saa sita, yeye kwa saa moja, lakini chanzo ni kilekile.

Usimwulize "maana yake nini?" kila mara, utachoka naye atachoka. Mrudishie wewe siku na tarehe na saa kwa tarakimu: "Tuesday 12 May, 10:30, Kampala time?" Atajibu ndiyo au hapana, na imeandikwa. Likija kuharibika, barua iko pale.

Angalia pia mikutano ya mtandaoni na London. Huku saa zinasogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, zinarudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Uganda hamgusi. Kwa hiyo wakati wa kipupwe cha huku mnatutangulia saa tatu, wakati wa kiangazi saa mbili. Ratiba uliyopanga Februari itakugeuka Aprili na utadhani umerogwa.

Jambo moja la masikio. Ukifika akasema "About time!" hakuambii saa. Anakusuta. Na akikuambia "I'll be back in no time" usidhani hana nafasi ya kurudi, anarudi sasa hivi. Niliwahi kufunga ofisi nikamfungia mtu nje kwa hiyo.

Mama_Kikuubo:

Kumbe sote tuna makaburi yetu. Mimi niliambiwa "let's call it a day" nikauliza tuiite siku gani.

AfandeMstaafu:

Alijibu nini?

Mama_Kikuubo:

Alifunga duka. Nikaelewa.

BintiMutukula:

Narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita.

Nilimwendea bosi na karatasi. Nikachora saa mbili, yake na yangu, nikamwonyesha "ten" yake iko wapi na saa kumi yangu iko wapi. Nikamweleza na lile la kusogeza mbele, na Mathayo 20 ya Katekista. Akakaa kimya muda mrefu hadi nikajuta. Kisha akafungua droo akatoa kitabu chake cha kumbukumbu, akanionyesha mwaka jana mwezi wa kumi. Fundi wa tangi la maji alimwambia atakuja saa mbili. Bosi akarudi mbio kutoka mjini, akafika nyumbani saa nane mchana. Fundi alikuwa amekuja asubuhi, akabisha geti, akaondoka. Bosi amemwita mwongo mwaka mzima.

Sasa karatasi ile imebandikwa ukutani karibu na birika la chai. Kila mwaliko ninaoutuma una tarakimu za Afande. Juzi akaniambia mkutano uwe "pushed back", nikamrudishia tarehe, akajibu ndiyo. Jana kamjaribu askari wa getini kwa Kiswahili, akamwambia gari lije saa nane. Alitaka saa mbili usiku. Nimewahi kumpigia dereva chupuchupu.

Kuhusu kipindi cha majaribio bado hajasema kitu. Amesema tu tutazungumza "in due course", na hiyo sijaiweka daftarini. Mwalimu, ni muda gani huo?

MwalimuMstaafu_Tororo:

Binti yangu, hiyo haina saa wala tarehe. Mrudishie tarakimu.

Boda_wa_Ntinda:

Na biskuti? Nimeuliza tangu mwanzo.

BintiMutukula:

Askari wa getini alizimaliza Jumanne ileile. Half ten.